Umri wa Karatasi

Mwezi uliopita tulimzika Mama Sifa, na wiki mbili baada ya maziko mdogo wangu Neema alinipigia simu nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, ghalani Grand Prairie, nimeketi ndani ya gari na bakuli la maharage mapajani. Alisema kliniki ya Houston aliyofanyia mafunzo imemwalika akazungumze na wauguzi wapya, naye angependa kuwaeleza ile kesi. Nikamuuliza kesi gani, ingawa nilijua. "Ile ya Mama Sifa, Yaya. Bila kutaja jina." Yaya ndivyo sisi Wakongo wa mashariki tunavyomwita dada mkubwa. Nilimwambia nitampigia baadaye, nikafunga bakuli, nikarudi kazini na njaa. Kesi! Mwanamke aliyembeba Neema mgongoni, mtoto akiwa na homa, akatembea naye hadi kituo cha dawa na kurudi, leo ni kesi. Hasira niliyodhani nimeimaliza ilinirudia palepale kati ya maboksi, na mpaka sasa ninapoandika haijapoa. Kwa hiyo nimeamua kuandika mimi kwanza, kabla hajageuzwa picha na mishale ukutani. Majina nimeyabadilisha, na Sifa, binti wa marehemu, amenipa ruhusa. Shule niliiacha darasa la sita. Anayetafuta maneno makubwa hapa atayakosa. Kuhusu ukoo wetu inatosha kusema kwamba wazazi walikufa, mimi ndiye mkubwa, na wadogo wakawa wangu.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao Neema alipata nafasi ya mafunzo Houston. Alikuwa amemaliza masomo yake yote hapa Fort Worth. Hakuwa nesi wa kuchoma sindano tu. Alikuwa amesoma zaidi, mpaka akapewa leseni ya kupima, kusema ugonjwa ni huu, na kuandika dawa kama daktari. Lakini leseni ni karatasi, na mkono wa mtu mpya hutetemeka. Ndiyo maana zipo kliniki za jamii zinazowachukua wauguzi wa namna hiyo kwa mwaka mmoja baada ya shahada, zikawapa wagonjwa wa kweli, na daktari mzoefu wa kuwasimamia. Wenyewe waliuita feloshipu. Waliomba wengi, wakachukuliwa wanne. Neema alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hofu, maana mumewe ni dereva wa lori na nyumbani hakai. Nikaacha kazi ya ghala nikamfuata. Tulipanga chumba kimoja na sebule mtaa wa Gulfton, ghorofa ya pili, mahali ambapo asubuhi unasikia lugha tano kabla hujafika kwenye gari. Yeye alilala chumbani, mimi kwenye kochi. Nilimpikia sombe ya majani ya muhogo, nikamkaangia samaki wadogo wa ndagala, na nilipochoka kuzitazama kuta nikaomba kazi ya usafi kwenye kliniki hiyohiyo. Wakanipa ndoo, dekio na shati la bluu. Neema aliona aibu siku mbili, akazoea.

Anayesafisha husikia kila kitu, kwa sababu watu hawanyamazi mbele ya ndoo. Nilijifunza jinsi walivyofanya kazi. Mwanafunzi anaingia kwa mgonjwa, anamsikiliza, anampima, kisha anatoka na kumweleza msimamizi wake akiwa amesimama koridoni. Msimamizi wa Neema aliitwa Dokta Hollis, mama mrefu mwenye viatu vya michezo, mpole, ila alikuwa akiitazama saa yake kama mtu anayesubiri basi. Maelezo yalikuwa na mpangilio wake, na siku zote yalianza na umri. Mwanamme wa miaka sitini, kifua. Mwanamke wa miaka ishirini na tatu, mjamzito. Umri ulikuwa mlango. Ukishautaja, Dokta Hollis alikwisha kuondoa nusu ya magonjwa kichwani mwake. Mwaka ulipoanza Neema alipewa dakika arobaini kwa mgonjwa. Baada ya Krismasi wakampa ishirini. Kufika Machi zilikuwa kumi na tano, na wale ambao walihitaji kwanza kulia ndipo waseme wakaanza kurudi nyumbani na kilio chao. Jioni Neema alikula amesimama, akiandika kwenye kompyuta kwa mkono mmoja. Nilimwambia, "Unakula kama mtu anayekimbizwa." Akajibu, "Ninakimbizwa, Yaya."

Mama Sifa alikaa mageti mawili kutoka kwetu, na binti yake Sifa aliyekuwa chuo. Tulitoka kambi moja ya wakimbizi, upande mmoja, bomba moja la maji. Na kabla ya kambi tulitoka kijiji kimoja. Mimi nilipokuwa darasa la tatu yeye alikuwa tayari ameolewa, ana watoto wawili, anauza mikate mbele ya shule yetu. Hebu shika hilo, kwa sababu kila kitu kinasimama hapo. Mwaka ule wa Houston mimi nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Yeye alikuwa na hamsini na sita. Lakini kwenye karatasi zake zote, kuanzia kadi ya kambi hadi leseni ya Texas, alikuwa na arobaini na miwili.

Nieleze, maana waliozaliwa na cheti hawataelewa. Mama Sifa alifika kambini akiwa amechelewa, uandikishaji umefungwa. Mdogo wake alikuwa ametangulia, ameandikishwa, ana kadi ya chakula. Wiki chache baadaye mdogo wake akafa kwa kuhara. Hakuna aliyekwenda kutoa taarifa. Mama Sifa akachukua kadi, akachukua jina lililoandikwa, akachukua na miaka, akaanza kula chakula cha marehemu kwa sababu bila kadi hakuna chakula. Mimi nami niliongezewa miaka mitano, maana msichana wa miaka kumi na sita asingeachiwa wadogo zake; wangewagawa kwenye familia za watu. Mezani afisa hakuuliza mara mbili. Aliandika tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia wenzetu wote, akasema mwingine. Baadaye, mahojiano ya kuja Marekani yalipoanza, tuliambiwa jambo moja kwa kila mdomo: ulichosema mara ya kwanza ndicho utakachosema mpaka kufa. Ukibadilisha, kesi inaanguka, na wote walio kwenye kadi yako wanaanguka nawe. Nimewaona walioanguka. Familia nzima ilirudi kwenye hema kwa sababu bibi alitaja mwaka tofauti. Kwa hiyo tulikuwa na umri wa kweli na umri wa karatasi, na ule wa kweli haukutajwa hata jikoni. Watoto tuliowaleta wadogo, kama Neema, hatukuwaambia. Mtoto ana mdomo.

Siku moja ya Februari Mama Sifa alinikuta nje ya kliniki nikimwaga maji machafu. Akanivuta pembeni.

"Mama, niko na damu," akasema. "Inatoka. Wiki ya tatu."

"Damu gani?"

"Ya chini. Na miye nilisha kumaliza ile mambo zamani."

Nikamwambia aingie kwa Neema. Akarudi nyuma hatua moja. "Uyu mutoto nilimubebaka ku mugongo. Sasa ndio anione uchi?" Kwetu mambo ya mwili wa mama hayatamkwi mbele ya mtoto uliyemlea; yakilazimika, hupitishwa kwa mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo alikubali kwa sharti moja, kwamba niingie naye na niseme mimi. Nikavua glavu, nikaingia.

Kile chumba nakikumbuka kuliko nyumba nilizoishi. Karatasi nyeupe juu ya kitanda ikilia kila Mama Sifa alipojigeuza. Picha ya moyo ukutani. Kiti cha plastiki nilichokikalia mimi, kati yao wawili. Neema akamsalimu vizuri, akamshika mikono, akasoma kwenye kompyuta. "Mama, uko na miaka arobaini na miwili, ni sawa?" Mama Sifa akasema ni sawa. Kisha Neema akauliza siku zake za mwisho za mwezi zilikuwa lini. Mama Sifa hakumjibu yeye. Alinitazama mimi. Nikaona hesabu ikipita machoni pake, na kwangu ilikuwa inapita hiyohiyo: zilikoma miaka sita iliyopita; kwa karatasi hapo alikuwa na thelathini na sita; mwanamke wa thelathini na sita hakomi; watauliza; wataandika; itafika kule inakofika. Akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliye kwenye mahojiano, "Umuambie zinakuja, zinaenda." Nami nikamgeukia mdogo wangu, niliyemlea kwa mikono hii, nikasema: "Anasema zinakuja na kwenda."

Neema akatoka kumweleza Dokta Hollis. Mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia: mwanamke wa miaka arobaini na miwili, siku zake hazina mpango. Dokta Hollis akauliza mambo mawili matatu, akasema katika umri huo tuanze na ya kawaida. Apimwe mimba, apewe vidonge vya kuongeza damu na vidonge vya kupanga homoni, arudi baada ya miezi mitatu. Neema akasema, "Anaonekana mkubwa kuliko miaka yake." Yule mama akajibu, bila ubaya wowote, "Maisha magumu huzeesha. Utaliona sana hapa." Ukweli nilikuwa nao mdomoni, nao walikuwa hatua nne tu kutoka kwangu. Ningetoka, ningesema. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki.

Wakampa Mama Sifa kikopo akakojoe, wapime mimba. Tulipofika kwenye gari alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. "Mimba! Na ule babu wa kanisa ndiye atakuwa baba!" Kisha akanipiga begani. "Kwa karatasi weye ndiye mukubwa, uko na arobaini na saba. Shikamoo, Yaya. Unibebee mufuko." Nami nikacheka, nikaubeba. Nalia kila ninapokumbuka kwamba nilicheka.

Akameza vidonge. Damu ikapungua, ikarudi, ikapungua. Kila nilipomuuliza alisema, "Inaenda muzuri." Machi ikapita, Aprili ikapita. Jumamosi moja ya Mei nilimkuta kwenye chumba cha mashine za kufulia, chini ya ghorofa yetu, ameketi kwenye kiti cha chuma huku nguo zikizunguka. Joto la Houston lilikuwa limeshaanza, na mle ndani mvuke ulikuwa mzito, lakini yeye alijifunika kitenge cha pili. Nikamwambia ainuke anisaidie kukunja shuka. Akasema atainuka watu wakiisha kutoka. Walipotoka akainuka, na kiti kilikuwa chekundu. Akaanza kukifuta kwa soksi ya Sifa, haraka haraka, kama mtoto aliyemwaga uji. "Sabuni iko wapi?" akasema. "Leta sabuni, mama, watu watakuja." Nikamnyang'anya soksi. Nilipomshika mkono ulikuwa mwepesi kama kijiti.

Neema alikuwa jikoni anakunywa chai niliporudi. Sikukaa. Nikamwambia yote: kadi, mdogo wake aliyekufa, mikate mbele ya shule, miaka sita ya kukoma. Alinisikiliza kikombe kikiwa hewani.

"Hamsini na sita?"

"Na sita."

"Na ulikuwa umekaa pale." Akaweka kikombe chini. "Yaya, ulikuwa umekaa pale katikati yetu, na wewe ndiye uliyenijibu!"

"Na wewe ulimshika mikono! Hukuona ile ni mikono ya mtu wa umri gani?"

"Niliona! Nilidhani ni kambi. Wagonjwa wetu wote wanaonekana wakubwa kuliko karatasi zao, nikadhani ni kambi!" Alikuwa anapiga kelele, mtoto ambaye hajawahi kunipandishia sauti. "Damu ikirudi baada ya kukoma, unakata kipande kidogo cha nyama kwenye mji wa mimba, unapima kansa. Wiki hiyohiyo! Mtu wa mwaka wa kwanza anajua. Miezi mitatu nimempa vidonge!"

"Ningesema, wangemfuta. Wangemrudisha. Wangeanza kuuliza na yangu, na ya kwako."

"Nani?"

"Wao."

"Wao nani, Yaya? Kliniki haiandikii uhamiaji barua. Mimi nisingegusa tarehe yake. Ningeandika tu, damu imerudi baada ya kukoma. Hayo tu. Karatasi ingebaki na miaka yake na mgonjwa angepata kipimo chake."

Nilikaa chini. Hapo ndipo hasira hii ilipozaliwa, na sijui hata leo nimpelekee nani. Miaka yote ile tuliketishwa madarasani. Kambini walitufundisha namna ya kufunga mkanda wa ndege. Fort Worth walitufundisha jiko la umeme, foleni, namna ya kutupa taka, na kwamba mtoto hapigwi. Hakuna hata mmoja aliyesimama mbele yetu akasema: kwa daktari unaweza kusema umri wako wa kweli, hapelekwi mtu popote. Sentensi moja. Afisa aliyeandika Januari moja mara elfu alijua anachoandika. Waliotupokea walijua, walicheka kila mwaka mpya kwamba Wakongo wote wana sherehe ya kuzaliwa. Dokta Hollis alikuwa amewatibu wakimbizi mpaka akajua kwamba wanazeeka mapema, ila hakujiuliza hata siku moja kama kilichokosea ni karatasi. Na mimi niliyejua kila kitu nilinyamaza, nikajiita mwaminifu.

Neema alikwenda kwa Mama Sifa jioni ileile, akapiga magoti sebuleni kwake, akamwomba amsikilize kama muuguzi na si kama mtoto. Mama Sifa hakumkasirikia yeye. Alinikasirikia mimi. "Nani alikupatia ruhusa?" akaniuliza. "Siri yangu ni shuka, unaanika inje?" Nikamwambia hakunipa mtu ruhusa. Mwishowe akakubali kupimwa, ila karatasi zisiguswe.

Jibu lilikuwa kansa. Kutoka kwenye jibu hadi kitanda cha hospitali zilipita wiki tano za simu, za barua, za "tutakupigia". Katikati ya wiki hizo Neema alitakiwa kuieleza kesi kwenye kikao cha Jumatano, ambapo wote wanne walikaa na wasimamizi wao kujifunza kwa makosa. Nilikuwa namwaga taka kwenye chumba hicho. Dokta Hollis alizungumza kwa upole, hakumtupia lawama, alisema hili ni somo zuri kwetu sote. Akamsifu Neema kwa ujasiri. Wengine wakaandika. Kulikuwa na biskuti mezani. Nilisimama na mfuko wa taka mkononi, nikasema kwa Kiingereza changu, "Yeye si somo." Wakageuka wote. Dokta Hollis akawa mwekundu, akasema, "Hapana, bila shaka." Neema akainamisha kichwa. Nikatoka na taka zangu. Sikufukuzwa, na hakuna aliyenitajia jambo hilo tena, na hilo nalo liliniudhi.

Siku ya upasuaji Neema aliomba ruhusa, akaambiwa ratiba ya wagonjwa imeshajaa. Nikaenda mimi. Sifa aliendesha, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama Sifa alikaa nyuma nami. Tulipokaribia hospitali akaninong'oneza, ili binti asisikie: "Nikikufa mule, watakuwa wamezika mudogo wangu mara ya pili. Miye sitakuwa nimekufa bado." Nilimfunga vizuri kilemba.

Sasa, hospitali zina desturi yao, na ni desturi nzuri, ili wasimkate mtu asiye yeye: kila anayekuja kitandani anakuuliza jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha anatazama utepe uliofungwa mkononi mwako. Aliuliza wa mapokezi. Akauliza wa kupima presha. Akauliza wa kuweka sindano, akauliza wa dawa ya usingizi, akauliza daktari mwenyewe. Mkalimani wa kwenye skrini aliganda mdomo wazi, mtandao umekatika, kwa hiyo wakanitegemea mimi. Kila mara Mama Sifa aliutazama ukuta, akataja jina la mdogo wake aliyekufa kwa kuhara, na Januari moja, nami nikalirudia kwa Kiingereza. Sifa alimbusu kwenye paji la uso, akapelekwa kwenye chumba cha kusubiria. Mimi waliniruhusu kufika kwenye ile milango miwili ya chumba cha upasuaji.

Hapo alikuwepo muuguzi wa mwisho, amevaa barakoa, macho tu yanaonekana. Akauliza: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Mama Sifa akageuka kutoka ukutani. Akataja jina lake. Lile alilopewa na babake, na la babake, na la babu yake, sauti yake ikiwa wazi kama alivyokuwa akiita wateja wa mikate. Akaongeza, "Nilizaliwa wakati wa kuvuna mupunga." Kisha akanisubiri niseme.

Muuguzi naye alinisubiri, kidole juu ya utepe. Nilijua kinachofuata nikiyatafsiri yale maneno. Wangesimamisha kila kitu. Wangeita mtu, na mtu angeita mtu. Kitanda kingerudishwa, na wiki tano nyingine zingeanza huku kinachomla kikiendelea kula. Nilisema kwa Kiingereza jina la marehemu. Nikasema Januari moja. Muuguzi akasoma utepe, akasema vizuri, akasukuma kitanda. Mama Sifa hakujua Kiingereza, lakini majina aliyasikia. Alinitazama mpaka milango ikafungwa.

Nilisimama pale muda mrefu, mpaka mtu akaniomba nipishe. Kisha nikaenda kukaa na Sifa. Alikuwa ameukumbatia mkoba wa mamake kifuani. Akaniuliza kama mamake alisema chochote kabla ya kuingia.

"Amesema jina lake," nikamwambia.